Kamera Iliyokaa Kitako

Kisa cha filamu ya The Letter kinaweza kusimuliwa kwa dakika mbili katika taarifa ya habari ya usiku. Kijana aitwaye Karisa, anayeishi mjini, anapata kujua kwamba bibi yake huko kijijini Kilifi ameitwa mchawi kwenye Facebook. Anarudi nyumbani kutafuta ni nani katika ukoo aliyelitoa neno hilo, na kwa nini. Bibi mwenyewe ameshapita miaka tisini. Mtu wa habari angefika asubuhi, angemsimamisha bibi mbele ya nyumba na kumuuliza anajisikiaje, angempata jirani mmoja na chifu mmoja, na kufikia alasiri angekuwa barabarani kurudi Mombasa.

Maia Lekow na Christopher King, mke na mume walioitengeneza filamu hiyo, walikaa nayo kwa miaka. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019 huko Amsterdam katika tamasha la IDFA, na baadaye Kenya iliiteua kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Habari za tuzo naziacha hapo. Ninachotaka kukieleza ni ufundi wa kukaa kule, kwa sababu mtazamaji akiiona filamu imetulia hudhani kwamba kamera iliwekwa tu mahali ikaachwa, na mengine yakajileta yenyewe. Hakuna kilichojileta.

Tuanze na yale yaliyomzunguka bibi. Katika vijiji vingi vya Kilifi, kwa Wamijikenda, mzee mwenye mvi anaweza kuamka siku moja akute jina lake limeshachafuka. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, kijana amekosa kazi, na kidole kinaelekezwa kwa yule aliyeishi kuliko wenzake. Wapo waliouawa. Wapo waliokimbia na kuhifadhiwa Kaya Godoma, huko Ganze, ambako wazee wanaotuhumiwa wamekuwa wakipewa kimbilio. Mara nyingi, ukifuatilia tuhuma mpaka kwenye mzizi wake, unalikuta shamba. Ardhi ya mababu imepanda thamani, vijana wanataka kuigawa au kuiuza, na mzee ndiye mwenye kauli. Barua inayotajwa katika jina la filamu ni ile ambayo mzee huletewa kumwonya kwamba siku zake zimehesabiwa. Msomaji wa Shinyanga au Mwanza hatashangaa. Anajua habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa kisingizio cha macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini.

Jambo lenyewe basi ni zito na la kutisha, na uzito huo ni mtego kwa mpiga picha. Ukishamwambia mtazamaji neno "mchawi", hata yule asiyeamini uchawi huanza kumkagua mtu. Anatazama macho yake, mikono yake, namna anavyokaa kimya. Mtuhumiwa akiwekwa kwenye kiti na kuelekezewa kamera, tayari ameshapandishwa kizimbani, hata kama maswali ni ya upole. Lekow na King waliliepuka hilo kwa njia iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: walimfuata bibi kwenye kazi zake. Tunamwona shambani na jembe lake. Tunauona mwendo wake wa nyumbani, saa zake, watu wanaomzunguka. Tuhuma tumeshazisikia na hofu ipo, lakini picha inaendelea kukaa na mwanamke anayefanya kazi. Baada ya muda ukaguzi ule unamtoka mtazamaji bila yeye kujua. Alianza kwa kuyachunguza macho ya bibi, na sasa anawaza kama kuna mtu atakayemsaidia kupalilia.

Badiliko hilo ndani ya mtazamaji ndilo kazi yote ya filamu ya hali halisi inayowahusu watu waliosahaulika. Halipatikani kwa maelezo ya msimulizi. Linapatikana kwa muda, na muda una gharama zake: nauli, chakula, kodi ya nyumba, siku nyingi za kurudi na kadi za kumbukumbu ambazo hazina chochote cha kutumika. Mpiga picha anayekaa kijijini wiki nzima akarudi na sekunde arobaini za maana, kwa hesabu za ufundi huu, amefanya kazi nzuri.

Udogo wa kikosi nao ni ufundi. Watu wawili tu: King kwenye kamera, Lekow kwenye sauti. Hakuna taa za kusimamishwa uani, hakuna gari linalonguruma nje ya ua, hakuna kijana wa kushika karatasi na kupiga kelele kwamba sasa tunaanza. Watu wawili wanaweza kuingia jikoni wakakaa kwenye vigoda. Wanaweza kupewa viazi vya kumenya. Tena wanapokuwa ni mke na mume, nyumba ya Kimijikenda inajua pa kuwaweka: mke atakaa na akina mama, mume ataitwa upande wa wazee. Jambo hilo dogo la adabu linafungua milango ambayo barua ya kibali kutoka Nairobi isingeifungua.

Niseme kuhusu sauti kwa kirefu kidogo, kwa kuwa watu wa sauti ndio wanaosifiwa kidogo kuliko wote. Lekow ni mwanamuziki, na katika filamu hii sikio lake linasikika. Watazamaji wanasamehe picha yenye giza. Sauti isiyosikika vizuri hawaisamehe, wala hawajui kwamba ndiyo iliyowachosha. Sasa fikiria bibi aliyejifunga kanga. Maikrofoni ndogo ya kubana inatakiwa ifichwe karibu na kifua, lakini kanga mpya ambayo haijafuliwa bado ina wanga, na kila akigeuka inakwaruza kama karatasi. Fundi mwenye uzoefu anatafuta mahali ambapo kitambaa hakijisugui, anaibana maikrofoni kwa utepe laini, anazungusha waya nyuma ya bega, na yote hayo anayafanya kwa mikono ya mtu anayemrekebishia mama yake nguo, kwa idhini yake na mbele ya binti zake. Kama ni mwanamume, kazi hiyo anamwachia mwanamke. Kisha bibi anaanza kulima, jasho linalegeza utepe, na kazi inaanza upya.

Halafu kuna sauti za mahali. Jogoo hajui kwamba mtu analia. Mashine ya kusaga inawashwa kijiji cha pili. Bodaboda anapita katikati ya sentensi ambayo haitarudiwa. Mtengenezaji asiye na subira atamwomba bibi aseme tena, na bibi kwa heshima atasema tena, ila mara hii atakuwa anakariri. Mwenye subira anaacha bodaboda apite, anakaa, na mara nyingi mazungumzo yenyewe yanarudi pale yalipokatika, yakiwa na nguvu zaidi. Mwisho wa kikao, fundi wa sauti huwaomba wote wanyamaze kwa nusu dakika ili anase ukimya wa chumba kile. Wageni huona jambo la ajabu, watu wazima kumi wamekaa kimya wakitazamana, na kifaa kinarekodi kitu ambacho hakuna aliyekisema. Lakini kila mahali pana ukimya wake, wenye upepo wa minazi au mabati yanayopanuka kwa jua, na mhariri atauhitaji kuziba nyufa kati ya picha na picha.

Anayenigusa kuliko wote ni yule anayeandika maneno. Filamu nyingi za hali halisi za Afrika Mashariki zinazungumzwa kwa lugha ambayo mhariri haielewi. Bibi anasema Kigiriama, mjukuu anachanganya na Kiswahili, na chumba cha kuhariria huenda kiko Nairobi, au Toronto, au Oslo. Katikati anakaa mtu, aghalabu kijana wa kijiji au wilaya ile ile aliyesoma, amevaa vipokea sauti masikioni, akisikiliza saa baada ya saa. Anaandika dakika na sekunde upande wa kushoto, na upande wa kulia anaandika nani kasema nini. Aliye mzuri haishii kwenye maneno. Anaandika kwamba hapa mjomba amekohoa makusudi. Anaandika kwamba shangazi ameondoka chumbani lilipotajwa jina la mtu fulani. Anaandika kwamba sentensi hii ni mafumbo, na kwamba anayefumbiwa ni yule kijana aliyekaa mlangoni. Bila daftari hilo, mhariri aliye mbali angemkata shangazi kwenye picha kwa kudhani ameenda kuchota maji. Majina ya vijana hawa hupita mwishoni mwa filamu kwa herufi ndogo wakati watu wameshaanza kusimama, na ninaona ni dhuluma.

Filamu hizi karibu zote hufika kwenye kikao. Ukoo unakusanyika, wazee wanapewa viti, na jambo linawekwa mezani. Ukikaa mbele ya kikao na kamera moja, akili itakuvuta umfuate anayesema. Fundi hufanya kinyume mara kwa mara: anaacha sauti ya msemaji iendelee na kuipeleka kamera kwa anayesikiliza. Unamsikia mtoto wa kambo akieleza kwa nini anamshuku mama mkubwa, na huku unaiona mikono ya huyo mama ikikunjua na kukunja ncha ya kanga. Picha hiyo haikupatikana kwa bahati. Mpiga picha alikuwa ameshaijua familia kiasi cha kutabiri, kabla neno halijatamkwa, litamwangukia nani. Na mhariri, naye, baada ya msemaji kumaliza, haharakishi kukata. Anaacha pumzi mbili. Katika pumzi hizo mtu hushusha mabega, au hutazama chini, au hutabasamu kwa namna ambayo inakana kila alichokisema.

Filamu ya aina hii ikitaka kuwa ya haki lazima iwasikilize na wanaotuhumu. Wasiposikilizwa wanageuka mashetani wa hadithi, na mtazamaji anaondoka akijisifu kwamba yeye si kama wao. Wakisikilizwa, unagundua wana madeni, wana mahubiri waliyoyasikia Jumapili, wana mtoto waliyemzika. Hukubaliani nao, lakini unatambua kwamba ukoo wako nao una watu hawa hawa.

Upande wa pili wa Kenya, Mutomo katika kaunti ya Kitui, ufundi huu ulichukua sura nyingine. Mkulima Kisilu Musya alipewa kamera, akaanza kurekodi familia yake, shamba lake na hali ya hewa iliyokuwa ikimgeuka. Mtengenezaji filamu kutoka Norway, Julia Dahr, alikuwa amekuja kutengeneza filamu juu yake, na ikaishia kuwa filamu waliyoijenga pamoja. Thank You for the Rain ilitoka mwaka 2017 baada ya miaka mitano ya kurekodi. Kisilu anapiga picha ukame, kisha mafuriko. Dhoruba inaiharibu nyumba yake, naye anarekodi.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kumpa mkulima kamera ni ujanja wa kupunguza gharama. Hawajatazama vizuri. Angalia urefu wa picha za Kisilu na mahali anaposimama. Mgeni akirekodi mvua, anairekodi kama tukio, kutoka barazani. Mkulima anairekodi kama mtu aliyepanda: anafuata maji yanakoelekea, anasogeza kamera kwenye mche, anataka kujua kama udongo umebaki. Haoni haya kuwarekodi watoto wake wakiwa wachovu, kwa kuwa ni wake, na watoto nao hawamwogopi. Na mkewe anapozungumza mbele ya kamera hiyo, anazungumza na mume. Kuna malalamiko ya ndoa humo, ya mwanamke anayebaki na shamba na watoto wakati mumewe anahamasisha wenzake kupanda miti na hatimaye anasafiri hadi Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015. Hakuna mgeni ambaye angeambiwa hayo. Dahr alitambua thamani ya mkanda wa Kisilu, na akawa tayari kuirudisha kamera yake nyuma. Ni unyenyekevu wa kikazi, na naona ni adimu.

Unyenyekevu huo una historia ya kuvuka, kwani sinema ya kuwasemea watu wa kwetu ilianza kwa sauti ya juu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi uitwao Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu za mafunzo, za safura, za kodi, za kuweka akiba posta, wakazungusha lori na mashine ya kuonyeshea kutoka Tanganyika mpaka Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalipigwa kwa santuri kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Wanavijiji walionekana kwenye kitambaa cheupe wakitembea na kufanya makosa na kurekebishwa, huku sauti iliyotoka nje ya picha ikiwaambia watazamaji wajifunze nini. Mbegu hiyo haikufa. Ukitazama video nyingi za kuombea misaada za leo, utaisikia sauti ile ile imebadili lafudhi tu: kinanda cha huzuni, mtoto aliyepigwa picha kutoka juu, na msimulizi anayetueleza mama yake anawaza nini wakati mama mwenyewe yupo pale pale na ana mdomo.

Mahali pa kuweka kamera ni uamuzi wa heshima. Ukimpiga picha mtu aliyekaa chini huku wewe umesimama, umeshamfanya mdogo kabla hajasema. Mafundi wazuri wanapiga magoti, wanakaa mkekani, wanaishusha kamera mpaka ilingane na macho ya mwenye nyumba. Ukiitazama filamu yoyote ya aina hii, angalia hilo tu kwa dakika kumi za mwanzo, na utajua kama mtengenezaji alikaribishwa au alijikaribisha.

Yapo mambo ambayo hata subira haiwezi kuyapiga picha, kwa sababu yameshapita. Februari 1984, wanajeshi wa Kenya waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawashikilia juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali haikutaka jambo hilo litajwe. Judy Kibinge alipotengeneza Scarred: The Anatomy of a Massacre, iliyotoka mwaka 2015, alikuta walionusurika wakiwa wazee na wajane wakiwa wamezoea kutoulizwa. Hapa kazi ya mtengenezaji ni nyingine kabisa. Anahitaji kujua wakati wa kuacha mahojiano yakatike. Mtu anayesimulia alivyomkuta mumewe anaweza kufika mahali akanyamaza, na kumsukuma kwa swali la pili ni kumrudisha uwanjani. Kibinge huyo huyo ndiye mwanzilishi wa Docubox, mfuko wa Nairobi unaosaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Nadhani mtu aliyewahi kukaa mbele ya ukimya wa namna ile anajua vizuri kuliko yeyote kwa nini mtengenezaji anahitaji fedha za mwaka wa nne, ambao hauna picha mpya ila una watu wa kutembelewa.

Kwa upande wa Tanzania, Harry Freeland alifuatana na Josephat Torner kwa miaka sita kutengeneza In the Shadow of the Sun, iliyotoka mwaka 2012. Torner, mwenye ualbino, anakwenda kwenye jamii ambako watu kama yeye wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Anasimama mbele ya umati na kuzungumza nao, na wao wanamjibu. Kuna ujasiri wa kimwili hapo ambao ni wa Torner, lakini upo pia ustadi wa Freeland wa kumwachia uwanja. Mtengenezaji mwingine angeuliza yeye maswali, na watu wangemjibu mgeni kwa majibu ya kumridhisha mgeni. Akiuliza Torner, kwa Kiswahili, wanalazimika kumjibu mtu mwenye ngozi wanayoizungumzia. Kamera inapokea vyote viwili, maneno yao na nyuso zao.

Swali la ridhaa ndilo linalowatenganisha mafundi na wawindaji wa visa. Karatasi iliyosainiwa siku ya kwanza haitoshi. Mama aliyekubali kurekodiwa wakati hajui filamu ni nini, miaka mitatu baadaye anajua, na huenda hali yake imebadilika: ameolewa upya, au kesi iko mahakamani, au aliyemtuhumu amekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mtengenezaji ataondoka, atapokea makofi ng'ambo, na mama atabaki na majirani wale wale, kisima kile kile. Kwa hiyo watengenezaji makini wanarudi na filamu ikiwa bado mbichi, wanaketi na familia, wanaionyesha mwanzo mpaka mwisho, na wanakubali kuambiwa toa hapa. Hapo pana maumivu, maana kinachoombwa kitolewe mara nyingi ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Wanakitoa.

Baada ya hapo mhariri anaanza kupepeta. Mamia ya saa yanaingia kwenye ungo, na saa moja na nusu inabaki, kwa miezi ya kurusha na kudaka. Mara nyingine filamu yenyewe hugeuka njiani. Philippa Ndisi-Herrmann alikwenda Lamu kurekodi habari za bandari kubwa iliyokuwa ikijengwa na wasiwasi wa wenyeji. New Moon, ya mwaka 2018, ilitoka kuwa filamu ya safari yake mwenyewe ya kuingia katika Uislamu. Kuna watakaosema aliliacha jambo la jamii akashika la nafsi. Mimi naona aliitii Lamu. Alikaa na watu ambao mwenyewe alidhani ni mada, nao wakawa wenyeji wake, na angedanganya kama angeuficha ukweli huo ili tu atimize alichokiandika kwenye maombi ya fedha.

Filamu ikishakamilika hubaki taabu moja inayoniudhi. Wanaoiona kwanza ni wa mbali. Amsterdam, Copenhagen, kisha Nairobi, kisha, ikibahatika, pale ilipopigwa. Zanzibar imejitahidi kwa miaka mingi: tamasha la ZIFF linaonyesha filamu wazi usiku ndani ya Ngome Kongwe, na limewahi kuzipeleka hadi vijijini Unguja na Pemba. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyopewa nafasi magazetini. Filamu juu ya wazee wanaotuhumiwa inapaswa ionekane kanisani, kwenye baraza la chifu, kwenye shule ya sekondari ambako wamo wajukuu wanaosikia nyumbani kwamba bibi ndiye chanzo cha matatizo. Vituo vyetu vya televisheni vina saa za usiku za kutosha zilizojaa michezo ya kuigiza ya kutafsiriwa. Saa moja kwa wiki isingewafilisi.

Lekow na King walijifunga tena kwa miaka mingi na kutengeneza How to Build a Library, iliyotoka mwaka 2025, inayowafuata Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wa shirika la Book Bunk katika kazi ya kuifufua maktaba ya McMillan, jengo lililofunguliwa Nairobi mwaka 1931 kwa ajili ya wazungu. Ukizijua filamu zote mbili unaona uhusiano. Bibi wa Kilifi anapigania ardhi na jina lake, na wanawake wa Nairobi wanapigania rafu na kumbukumbu za mji.

Na kumbukumbu ndilo jambo ninalowaomba wenye uwezo walitazame. Katika kila filamu kati ya hizi, sehemu kubwa ya kilichorekodiwa haikuingia. Iko kwenye diski, kwenye kabati la mtu, Nairobi au Oslo au London. Humo kuna misimu mitano ya mvua na ukame wa Mutomo, iliyorekodiwa na mkulima mwenyewe. Humo kuna Kigiriama cha mwanamke aliyezaliwa enzi za ukoloni, saa nyingi za mazungumzo ya shamba na uzazi na mazishi, pamoja na daftari la yule kijana aliyeandika nani kakohoa na nani katoka nje. Diski hufa baada ya miaka michache bila kutoa taarifa. Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa ya Kenya iko katikati ya Nairobi, na vyuo vikuu vya Pwani, Nairobi na Dar es Salaam vina idara za lugha na historia. Makubaliano ya kuzipokea kanda hizi, kwa masharti ambayo familia zitayaweka zenyewe kuhusu nani azione na lini, yanaweza kuandikwa mwaka huu, wakati waliorekodi bado wapo na wanakumbuka kila diski ina nini.